Uzoefu wangu: kijitabu cha dagaa, programu ya akili mnemba na kalamu ya Mwalimu

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa Igombe, wilaya ya Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka jana tuliamua kutoa kijitabu kwa ajili ya wanachama wapya: namna ya kununua dagaa mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuwaanika juu ya chanja badala ya mchangani, kuwahifadhi, na kuwafikisha soko la samaki la Mwaloni Kirumba wakiwa bado na bei. Kazi ya kuandika ikaniangukia mimi. Nimesoma hadi kidato cha nne, barua naandika, mihtasari ya vikao naandika, ila kitabu sikuwahi.

Nilianza na programu ya akili mnemba kwenye simu (wengine huiita akili unde, wengine akili bandia; ni kitu kilekile). Baadaye kikundi kikamlipa mhariri, mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayekaa Nyegezi. Naandika haya kwa sababu makatibu wenzangu wa vikundi vya huku ziwani wananiuliza kila mara: mhariri wa nini, na simu inaandika bure?

Kweli ni bure, au karibu na bure. Mimi nililipia kifurushi tu. Rasimu ya kurasa 20 niliipata jioni moja watoto wakiwa wamelala. Mwalimu alitoza shilingi 5,000 kwa ukurasa, kijitabu kikafika kurasa 24, jumla shilingi 120,000, na kikakaa kwake siku 11. Kwenye kikao jambo hilo lilizua maneno, na sikuwalaumu waliolalamika.

Kabla ya kijitabu nilikuwa nimeitumia programu hiyo kuandika barua ya kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilimwaga humo kila kitu kama kilivyonijia, ikapanga vizuri kikundi kilianza lini, tuko wangapi, tunaomba kiasi gani na tutarejesha vipi. Nilichobadilisha ni kuweka YAH: pale ilipoandika "Mada". Jedwali la mapato na matumizi, ambalo lilikuwa likininyima usingizi kila mwisho wa mwaka, likakaa sawa kwa dakika chache. Kwa kazi ya namna hiyo, ambayo taarifa zote ninazo mimi na kinachokosekana ni mpangilio, naipa alama za juu, na mpaka leo naitumia.

Kwenye kijitabu mambo yalikwenda tofauti.

Rasimu nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi sana. Ina vichwa vya habari, sentensi zimenyooka, hakuna herufi iliyokosewa. Nikaichapa, nikampelekea Mwalimu nikidhani atagusa nukta na mkato, anirudishie. Alikaa barazani kwake, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Akafika hapa: "Ni muhimu kuhakikisha kwamba bidhaa zinakaushwa katika mazingira safi na salama ili kulinda ubora na kuimarisha ushindani sokoni." Akavua miwani.

"Mwanangu, mama mwenzio akija mwaloni leo, hajui kitu, ndivyo unavyomwambia?"

Nikasema hapana, Mwalimu.

"Unamwambiaje?"

Nikamwambia. Akaandika vilevile nilivyosema: Usianike dagaa chini. Mchanga ukishaingia, hakuna ungo utakaoutoa.

Ukurasa wote wa kwanza ulikwenda hivyo. Yeye anasoma, ananiuliza, mimi namjibu kwa maneno ya mwaloni, yeye anaandika. Maneno yetu yakawa theluthi ya yale ya mwanzo, na kila mama aliyesomewa alielewa.

Ukurasa wa tatu ndio uliotutisha. Programu ilikuwa imeandika kwamba usiku mzuri wa kuvua dagaa ni wa mbalamwezi, maana mwanga husaidia wavuvi. Mtoto yeyote wa Igombe angecheka. Dagaa wa ziwani huvuliwa wakati wa giza. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wanafuata mwanga, anawazungushia nyavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Bei yetu, mikopo yetu midogo midogo, hata siku ya kikao, vyote vinafuata giza. Mwanachama mpya akiweka pesa ya kununulia dagaa siku za mbalamwezi, atakaa mwaloni na ndoo tupu. Chini yake kidogo rasimu ilishauri tuangalie maji kupwa na kujaa. Mimi sijawahi kuona ziwa letu likipwa na kujaa kama bahari. Hayo ni ya watu wa Tanga na Bagamoyo.

Uchungu wangu ni kwamba niliusoma ukurasa ule mara mbili kabla ya Mwalimu, na nikaupita. Maandishi yalikuwa yamenyooka kiasi kwamba macho yaliteleza juu yake. Kosa la mtu anayeandika kwa shida linajionyesha lenyewe. Hili lilikuwa limevaa suti.

Jioni ile nikarudi kwenye programu, nikaiambia imekosea, dagaa huvuliwa gizani. Ikajibu kwamba niko sahihi kabisa, ikaomba radhi. Nikataka kujua radhi ile ina uzito gani. Kesho yake nikaanza mazungumzo mapya, nikaiambia kwa uhakika kwamba wavuvi wetu huenda kuvua mwezi ukiwa mpevu. Ikakubali pia, ikanieleza na sababu. Tangu hapo nikikubaliwa na programu hiyo sihesabu kuwa nimethibitishiwa.

Mwalimu haombi radhi namna hiyo. Tulibishana naye karibu nusu saa juu ya neno sado. Alitaka tuandike "kopo la plastiki", akisema sado si neno la kitabuni. Nikamwambia hakuna anayeuza dagaa kwa kopo la plastiki Mwanza nzima. Wanauza kwa sado. Alikataa, nikakataa, akaenda sokoni mwenyewe kusikiliza, akarudi na sado ikabaki. Kwenye ngeli nilishindwa mimi. Programu ilikuwa imeandika "dagaa wamekauka" ukurasa mmoja na "dagaa zimekauka" ukurasa wa pili, na mimi nilitaka "zimekauka" kwa kuwa ndivyo tunavyosema tukiwa kwenye chanja. Yeye akasema samaki hata akikauka ni samaki, tufuate wa- mwanzo hadi mwisho, msomaji asiyumbe. Nikaona ana hoja.

Jambo la uzito lilitugharimu siku mbili nzima. Rasimu ilisema kilo 20 za dagaa wabichi hutoa kilo 12 wakikauka. Mwalimu akaweka alama ya kuuliza pembeni kwa penseli: "Nani amepima?" Hakuna aliyepima. Sisi hununua kwa ndoo, tunauza kwa gunia, mizani hatuna mazoea nayo. Tukaazima mizani, tukapima kilo 20, tukaanika jua kali, jioni ya pili tukapima tena. Kilo 5 na kidogo. Samaki mbichi karibu robo tatu yake ni maji, maji yakiondoka kinachobaki ndicho hicho. Mtu akipanga mtaji kwa ile hesabu ya kilo 12 atanunua wabichi kwa bei ya kumfilisi, na pengine mtaji wenyewe ni wa mkopo.

Kuna kijana anayenitengenezea simu mjini, nikamuuliza kwa nini programu yenye maarifa mengi hivyo ikosee dagaa. Alinieleza kwamba hulishwa maandishi mengi mno, ikajifunza kubashiri neno gani lifuate neno gani. Maandishi hayo mengi ni ya Kiingereza; Kiswahili ni sehemu ndogo. Hapo ndipo nilipoelewa. Tunayoyajua akina mama wa Igombe hayajaandikwa popote. Yako midomoni na mikononi. Programu ingeyatoa wapi? Nayo, badala ya kuniuliza, ilijaza pengo kwa lililofanana na jibu. Ilijaza hata methali: iliandika moja, ikasema ni ya Kisukuma. Mwenyekiti wetu, aliyezaliwa Magu na ana miaka 70 na kitu, aliisikiliza mara mbili akasema hajawahi kuisikia kwa mtu yeyote. Tukaifuta.

Lililonishangaza zaidi ni lile ambalo halikuwemo kabisa. Mwisho wa rasimu kulikuwa na ukurasa mzima wa kutangaza biashara mitandaoni. Chini yake Mwalimu aliandika: "Mvua ikiwakuta dagaa chanjani, mnafanyaje? Hamjasema." Mimi niliyeanika miaka tisa nilikuwa nimesahau kuandika juu ya mvua. Vuli na masika ndipo tunapolia. Dagaa wakilowa siku mbili wanageuka rangi, wananuka, wanauzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nikazunguka kwa akina mama na daftari. Mmoja akanionyesha anavyofunga turubai lisiguse dagaa ili wasivuje jasho. Mwingine akasema yeye mawingu yakitanda asubuhi hanunui kabisa, bora akose faida ya siku. Wa tatu huwakaanga siku hiyohiyo na kuwauza mtaani. Kurasa tatu zilitokana na swali hilo moja, na ndizo zilizochakaa zaidi kwenye nakala yetu ya ofisini.

Mwalimu naye ana upungufu, na anayetaka kumlipa mhariri ajue. Anachelewa. Simu hapokei akiwa shambani. Anapenda maneno ya kitabuni kuliko inavyohitajika, usiposimama imara kijitabu chako kitazungumza kama mtihani. Wala haandiki kwa niaba yako: ukienda mikono mitupu anakurudisha nyumbani. Kama una tangazo la kikao la kutoa leo jioni, usimsumbue, tumia simu.

Nakala 200 za kwanza zimekwisha, na nyingine zimevuka hadi Ukerewe. Kikao kilichopita, mama mmoja kati ya waliopinga ile 120,000 ndiye aliyetoa hoja kwamba kijitabu cha pili nacho kipelekwe Nyegezi. Kitahusu kukaanga na kufungasha. Safari hii rasimu naiandika mwenyewe, kwa mkono, nikiwa nimekaa chanjani na wenzangu wakinisahihisha. Programu nitaipa jedwali la gharama za mafuta, kuni na vifungashio. Mwalimu amesema nimpelekee rasimu giza hili likiisha.