Mbuzi Mlevi: Vina au Takriri?

Kichekesho kimoja cha mashamba ya zabibu ya Dodoma nimekitunga kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kimapokeo:

Mbuzi wangu mwenye ndevu, kala zabibu kalewa,
Kachagua zile mbivu, ataka kuamkiwa.

Ya pili ni huru:

Mbuzi kala,
mbuzi kala zabibu,
shikamoo, mbuzi.

Katika ya kwanza kila mshororo una mizani (silabi) 16, nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane katika utao, nusu ya pili, na kwa kuwa kina cha mwisho -wa, yaani silabi inayofanana mwishoni mwa mishororo, kimekwisha kutangazwa na "kalewa", msikilizaji huutarajia mlio wa "kuamkiwa" lakini si maana yake, na hapo ndipo kicheko kinapozuka. Ya pili hutegemea takriri tu, yaani kurudia maneno. Hukaririwa upesi, hata na watoto, ila shikamoo yake huingia ghafla mno, kwa sababu ulevi haukutajwa.