Uzoefu wangu na Arado Ar 234 kwenye simuleta: jeti isiyotaka papara

Arado Ar 234 B-2 ni ndege ya nyongeza ya kulipia kwenye simuleta ninayotumia, yaani mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Niliichukua kwa sababu moja tu: hii ndiyo jeti ya kwanza ya kudondosha mabomu iliyopigana vitani kweli, katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndege ya majaribio iliruka katikati ya 1943, na kufikia Desemba 1944 kikosi cha KG 76 cha jeshi la anga la Hitler kilikuwa kinaitumia kushambulia Ubelgiji. Rubani yuko peke yake ndani ya pua ya kioo. Hana msaidizi wala mpiga bunduki, na hana kiti cha kumrusha nje mambo yakiharibika. Yeye ndiye anayerusha, anayesoma ramani, anayelenga na anayedondosha.

Nianze na injini, maana hapo ndipo pesa yako inapoonekana. Zipo mbili, Junkers Jumo 004, moja kila upande chini ya bawa. Ukitoka kwenye ndege za pangaboi, mkono umezoea kusukuma kishikio cha mafuta na kupata jibu papo hapo. Huku ukisukuma kwa pupa injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa iliyopo, joto linapanda ghafla, na injini ama inashika moto ama inazimika. Kwa hiyo unasukuma kidogo, unasubiri sindano ya mizunguko ipande, unasukuma tena. Ukishavuka mizunguko 6,000 kwa dakika unaweza kupumua. Kikomo ni 8,700. Waliotengeneza nyongeza hii wameipatia sauti vizuri sana: kuna mngurumo mzito unaokuja kabla injini haijagoma, na baada ya muda unauwahi kwa sikio kabla hata ya kutazama vipimo vya joto.

Ubishi huo wa injini haukutungwa kwa ajili ya mchezo. Ujerumani ilikuwa imeishiwa nikeli na kromi, ikabidi sehemu za moto za injini zitengenezwe kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Injini iliyofikisha saa 25 ilikuwa imejitahidi. Ndani ya simuleta ukiiacha kwenye nguvu zote kwa muda mrefu, nayo inakudai.

Kuruka kwenyewe hakuna maneno mengi. Ukiwa na mabomu, njia ya kurukia inaonekana fupi kuliko ilivyo, na ndiyo maana kuna roketi za msaada unazoweza kufunga chini ya mabawa. Zifunge.

Kutua ndiko kunakochuja watu. Ndege hii inateleza hewani mno na haina breki za hewa, kwa hiyo mwendo hauishi kwa kuombea. Mimi huanza kupunguza mapema, uwanja ukiwa bado mbali, nashusha magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) ili zivute ndege nyuma, huku injini nikizishikilia karibu na ile 6,000. Ukizishusha chini ya hapo halafu ukagundua utagusa ardhi kabla ya kufika uwanjani, umekwisha: nguvu unazoziomba sasa zitafika ukiwa umeshalala kwenye majani. Uamuzi wa kughairi kutua unafanywa mapema, si juu ya uzio wa uwanja. Magurudumu yakigusa unafungua parachuti ya breki, na hapo ndege inatulia kwa namna inayoridhisha kupita kiasi. Nakiri huwa naifungua hata pale ambapo siihitaji.

Sasa mabomu. Rubani halisi aliwasha mtambo wa kujiendesha, akafungua usukani na kuusukuma pembeni, kisha akainamia darubini ya kulengea aina ya Lotfe 7 iliyokaa katikati ya miguu yake. Marekebisho aliyofanya kwenye darubini ndiyo yaliyoiongoza ndege. Simuleta inakupitisha kwenye hatua zote hizo, na ni raha tupu ukizizoea. Lakini maelekezo ni ya kubabaisha. Kitabu kinakupa orodha ya vitufe bila kusema kipi kinatangulia, na somo la mazoezi linaishia pale pale ambapo darubini ingeanza kufundishwa. Kwa nyongeza ya kulipia, huo ni uzembe. Pandisha ndege hadi mita 6,000, fanya mazoezi bila adui, na ingiza mwinuko na mwendo kwenye darubini kabla hujakaribia shabaha.

Kuna misheni ya daraja la Remagen huko Ujerumani, lile Wamarekani walilolikamata tarehe 7 Machi 1945 na likaanguka lenyewe siku kumi baadaye. Ar 234 zililishambulia kweli na hazikuliangusha. Ukilitazama kupitia darubini, uzi mwembamba juu ya mto Rhine, unaelewa kwa nini.

Ukicheza na watu wengine, kumbuka kinga yako ni mwendo pekee. Kwenye kama kilomita 740 kwa saa, ndege za pangaboi hazikushiki ukiwa juu. Wanaojua hawahangaiki kukukimbiza. Wanakuvizia karibu na uwanja wako, ukiwa mzito na wa mwendo mdogo, jinsi marubani wa Washirika, yaani nchi zilizopigana na Ujerumani, walivyofanya enzi hizo. Nyuma huoni kitu isipokuwa kwa periskopu, darubini ya vioo inayotokeza juu ya chumba cha rubani, na picha yake ni finyu.

Usiinunue kama unaongeza nguvu kwa kubonyeza kibodi. Tafuta kwanza kishikio cha mafuta cha kujitegemea, chenye mkao laini, la sivyo utachoma injini kila siku na kuilaumu ndege bure. Wenye subira waichukue. Mimi nasubiri waongeze toleo la C, lile la injini nne za BMW 003, na safari hii waandike kitabu kinachoeleweka.