Peni ya jeli yenye ncha nyembamba: ipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Anayenunua peni ya jeli huanza kwa kutazama namba iliyoandikwa ubavuni, 0.5 au 0.7, kisha huuliza bei. Kwa sisi wa pwani ya kusini nashauri swali la kwanza liwe la wino, kwa sababu huku kwetu daftari hukutana na jasho la kiganja, mvua ya ghafla na unyevu wa bahari kabla hata halijafika katikati, na mstari ulioyeyuka hausomeki hata ungekuwa mwembamba namna gani.

Nililijua hilo Mikindani, asubuhi moja nilipokaa kivulini nikichora mlango wa nakshi wa nyumba ya zamani. Mistari ilitoka myembamba na myeusi, nami nikaridhika nayo. Nilipopitisha brashi yenye rangi ya maji ili kuweka kivuli chini ya kizingiti cha juu, weusi ule uliachia ukageuka zambarau, na maua ya nakshi niliyoyachora kwa saa nzima yakawa doa moja.

Wino wa jeli ni wino wa maji uliofanywa mzito. Ukitulia ndani ya mrija haumwagiki, lakini gololi ya nchani inapozunguka juu ya karatasi wino hulainika na kutiririka, na ndiyo maana peni hizi hazihitaji kukandamizwa. Kampuni ya Sakura ya Japani ilizileta sokoni mwaka 1984. Tofauti iliyoniharibia mchoro imo katika rangi yenyewe: kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, nao huachia ukilowa, na kuna wino wenye chembe ndogo za rangi ambazo hunasa katika nyuzi za karatasi na, zikishakauka, huhimili maji. Huu wa pili ndio wa kutafuta.

Ile namba ya ubavuni nayo hueleweka vibaya. Ni kipenyo cha gololi kwa milimita, wala si unene wa mstari. Gololi ya 0.5 huacha mstari wa takribani milimita 0.3 kwenye karatasi nzuri. Madaftari yetu ya bei nafuu yana karatasi inayonywa wino, hivyo mstari hutanuka, na ncha nyembamba sana hukwaruza na kukusanya vumbi la karatasi. Kwa daftari la kawaida chukua 0.5, kwa kaunta buku lenye karatasi laini, au kwa kuchora, chukua 0.38.

Nafasi ya kwanza naipa Uni-ball Signo UM-151 ya 0.38, peni ya kifuniko yenye wino wa chembe. Mwandiko wake ni safi hata kwa herufi ndogo za pambizoni, na ukisubiri ukauke vizuri unaweza kupitisha rangi ya maji juu yake bila hofu. Anayetaka peni moja tu, ya kazini na ya kuchorea, anunue hii.

Ya pili ni Zebra Sarasa Clip ya 0.5, ambayo nayo ina wino wa chembe. Hii ni ya kubonyeza, na kibanio chake hufunguka kikashika jalada nene bila kuvunjika, jambo linalomfaa mwalimu au muuguzi anayeandika huku amesimama. Kwa kuandika peke yake ningeiweka sawa na ya kwanza. Ncha ya 0.38 ndiyo iliyoipa Signo ushindi.

Pentel EnerGel ya 0.5 inafuata, na kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa wino wake hukauka haraka kabla kiganja hakijaupitia. Udhaifu wake ni maji, kwa hiyo wachoraji waiache. Pilot G2 ya 0.5 inashika nafasi ya nne: ni imara na wino wake umekolea, lakini hukawia kukauka, na katika miezi ya joto kiganja chenye jasho huuburuta ukurasani. Pilot Hi-Tec-C, yenye ncha kama sindano, ni ya mchoraji mwenye mkono mwepesi pekee. Ikianguka mara moja sakafuni ncha hupinda.

Pilot FriXion sitaipanga kabisa. Wino wake hufutika kwa joto la msuguano, na ukifika nyuzi joto 60 na zaidi hupotea, hivyo daftari lililoachwa juu ya dashibodi ya gari juani linaweza kukutwa halina maandishi. Usisainie mkataba kwa peni hiyo, wala mtoto asiingie nayo katika chumba cha mtihani. Baraza la Mitihani hutaka maandishi yawe ya wino wa bluu au mweusi na michoro iwe ya penseli, kwa hiyo huko ncha ya kuchorea haina kazi.

Yupo pia mtu ambaye namshauri asinunue peni ya jeli: karani wa chama cha msingi anayeandika stakabadhi za korosho zenye nakala za kaboni. Nakala huhitaji mkandamizo, na jeli ikikandamizwa hutoa wino mwingi huku gololi ikiumia. Biki inamtosha.

Dukani, omba kujaribu kabla ya kulipa: "Kaka, naomba kipande cha karatasi nijaribu." Ondoa kile kitone cha nta kilichopo nchani, chora namba nane mfululizo bila kuinua mkono, uangalie kama mstari unakatika. Hesabu hadi kumi, kisha pitisha kidole kilicholoweshwa kidogo. Tazama mrija nao: wino uwe umeshikana bila mapengo ya hewa, na nyuma yake kuwe na ute unaong'aa unaouziba. Peni isiyo na jina niliyowahi kuinunua kwa haraka, bila jaribio hilo, ilikauka siku ya tatu ikiwa na wino nusu.

Ukiipata nzuri, ilaze au ielekeze ncha chini, na usiiandikie karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa maana hewa huingia nchani. Na kwa kuwa aina hizi hazipatikani kila siku madukani kwetu, ukiagiza Dar es Salaam kwa mzigo wa basi agiza pamoja na mirija ya kubadilishia, UMR-1 kwa Signo hiyo na JF kwa Sarasa, ukitaja kipimo cha ncha, kwa sababu muuzaji asipoambiwa anaweza kukufungia 0.7.