Baseball-Reference: hapa mrushaji wa akiba anapata haki yake

Mtu akiniuliza aanzie wapi kumfahamu Mariano Rivera, mrushaji wa akiba wa New York Yankees (anayeingia katikati ya mechi kumpokea mrushaji mwenzake), namwelekeza Baseball-Reference, tovuti ya takwimu za besiboli iliyoanzishwa na Sean Forman mwaka 2000. Sehemu kubwa ni bure. Kuna huduma ya kulipia iitwayo Stathead, ila kwa msomaji wa kawaida si ya lazima.

Ukurasa wa Rivera ni mstari mmoja kwa kila msimu, na mistari hiyo inasimulia. 1995 Mpanama huyu alianza mechi 10 kwa Yankees, ERA yake, yaani wastani wa pointi zinazohesabiwa kwake kwa kila vipindi tisa, ikawa 5.51. Ni namba za mtu anayekaribia kurudishwa ligi ndogo. 1996 wakamweka arushe kabla ya John Wetteland, aliyekuwa mmaliziaji wao, akawatoa wapigaji 130 kwa straiki. 1997 akakabidhiwa kazi ya kumalizia mechi, akaishika mpaka alipostaafu 2013, ukiacha 2012 alipoumia goti. Mechi 652 aliokoa, yaani alizimaliza akiwa amelinda uongozi mwembamba wa timu yake, na hakuna aliyewahi kumfikia.

Lakini usiishie jedwali la kwanza, nakusihi. Tafuta lile la warushaji wa akiba, ambalo kwangu ndilo linaloifanya tovuti hii iwe ya thamani. Kuna safu ya IR, wakimbiaji aliowakuta kwenye besi alipoingia, na IS, wangapi kati yao walifunga. Kwa kanuni za besiboli, mkimbiaji uliyemkuta akifunga, pointi inaandikwa kwa aliyemwacha pale. Kwa hiyo mrushaji wa akiba anaweza kuharibu mechi ya mwenzake na ERA yake ikabaki safi kabisa, na mwingine anazima moto kila siku bila ERA kumlipa chochote. Safu hizi mbili zinawatenganisha. Kuna pia gmLI, kipimo cha uzito wa hali aliyoikuta anapoingia, 1.0 ni hali ya wastani.

Kisha fungua mechi moja moja. Mimi narudi kwenye mchezo wa 7 wa World Series 2001, fainali ya ubingwa, dhidi ya Arizona Diamondbacks. Yankees wako mbele 2–1. Kipindi cha nane Rivera anawatoa watatu kwa straiki. Cha tisa, Mark Grace anapiga na kufika besi. Damian Miller anaugusa mpira kidogo tu, Rivera anaudaka na kuurusha vibaya besi ya pili. Tony Womack anasawazisha. Craig Counsell anagongwa na mpira. Luis Gonzalez anapiga kampira dhaifu kanakopita juu ya walinzi wa ndani waliokuwa wamesogezwa mbele, na ubingwa unaondoka. Yote yamo, tukio kwa tukio, pamoja na asilimia ya uwezekano wa kushinda inavyopanda na kuporomoka.

Halafu angalia jumla yake ya mechi za mtoano: vipindi 141, ERA 0.70. Usiku ule umo ndani ya hesabu hiyo, na bado ni 0.70!

Maelezo yote ni ya Kiingereza na vifupisho ni vingi, ila kuna faharasa inayoeleza kila kimoja. Anayependa besiboli na hajawahi kuwaelewa warushaji wa akiba, aanze na IR na IS.