Canon 200D mwaka huu bado inalipa? Tumeipeleka mwaloni Kibirizi na ukumbini usiku

Mambo vipi wadau, karibuni tena, tuko Kigoma hapa na leo mezani kuna Canon EOS 200D, wale wa Marekani wanaiita Rebel SL2 lakini ni ileile tu, imetoka 2017. Najua kuna mtu ameshasema ya zamani hiyo, subiri kwanza ndugu yangu. Vijana wengi huku wanaotaka kuanza kazi ya picha wanaulizia hii kamera kwa sababu ya mtumba unaweza kujikusanya ukaipata, na mimi jibu langu ni inafaa, tena sana, ila ujue inavyotaka kutumiwa, maana wengi wanaiponda kumbe wanaitumia upande wake dhaifu.

Upande dhaifu ni huu, kile kitundu cha kuchungulia. Ukichungulia pale unapata pointi 9 tu za fokasi na zimejikusanya katikati, na ya kuaminika zaidi ni ile ya katikati kabisa, halafu unachokiona ni asilimia 95 ya picha, kwa hiyo pembeni kuna mkono wa mtu utaingia na hukuuona. Sasa fungua skrini, igeuze, piga picha kupitia skrini. Hapo inaingia Dual Pixel, yaani fokasi inafanyika kwenye sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, inashika karibu asilimia 80 ya fremu kwa upana na kwa urefu, unagusa uso wa mtu kwa kidole inamfuata, hata akisogea. Ni kama umebadilishiwa kamera. Gharama yake ni betri, ukichungulia kwenye kitundu betri moja inakupa picha kama 650, ukitumia skrini inashuka chini ya 300, kwa hiyo betri ya pili usiifikirie mara mbili.

Tuje kwenye picha zenyewe. Sensa ni megapikseli 24.2, saizi ya APS-C, yaani ndogo kuliko zile za fremu kamili, rangi za Canon za ngozi mnazijua, ngozi zetu inazitendea haki. Angalieni hii ya mwaloni Kibirizi, mama anageuza dagaa kwenye chanja, saa nne asubuhi jua limeshapanda. Dagaa wanang'aa kama bati jipya, kamera ikiona mng'ao wote ule inadhani mwanga umezidi inaipunguza picha, uso wa mama unakuwa giza. Dawa yake ni kuongeza ekspoja kidogo, yaani mwangaza wa picha, nimeweka +0.7, na nimepiga RAW, faili ghafi linalokuachia nafasi ya kurekebisha baadaye, basi mikunjo ya kanga inaonekana, magamba ya dagaa wa mbele unaweza kuyahesabu, na bado lile ziwa nyuma lina bluu yake. Hii nimeipiga na lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, 18-55.

Ila hiyo lenzi ikifika usiku nakuambia ukweli, haikufikishi mbali. Ukizumu mpaka 55 inaishia f/5.6, na namba ya f ikiwa kubwa tundu la lenzi ni dogo, mwanga unaoingia ni mdogo, kamera inalazimika kupandisha ISO, yaani kuukuza ule mwanga kidogo. Mpaka 3200 mimi nampa mteja picha bila wasiwasi, 6400 chenga zinaanza kuonekana kwenye suti nyeusi na kwenye nywele, juu ya hapo ni picha ya ushahidi tu kwamba harusi ilikuwepo. Tafuta 50mm f/1.8 STM, hiyo ndogo ya bei nafuu, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile 18-55 ikiwa imezumiwa, bibi harusi anatoka na shela yake yote na taa za nyuma zinakuwa viduara laini. Kumbuka tu kwenye kamera hii sensa ni ndogo, kwa hiyo 50 inabana, inaona kama 80 kwenye fremu kamili, kwa hiyo kwenye sebule ndogo utagonga ukuta na mgongo. Pesa ya kukimbilia kamera ya 4K, ile video ya ubora mkubwa zaidi, iweke hapo kwanza, nimemaanisha.

Na kwa kuwa nimetaja 4K, haina. Video inaishia 1080p, yaani Full HD, fremu 60 kwa sekunde. Kwa mteja anayetaka kumwona mwanae akikata keki na kuirusha WhatsApp, 1080p iliyofokasi vizuri inatosha kabisa. Kinachoharibu video nyingi huku ni kitu kingine, zile mistari zinazopanda na kushuka kwenye taa za ukumbini. Umeme wetu ni hezi 50, kamera nyingi za mtumba zinakuja zimesetiwa NTSC, mfumo wa video wa nchi za umeme wa hezi 60, ingia kwenye menyu badilisha iwe PAL, ule wa hezi 50, piga fremu 25, shata weka 1/50 ya sekunde, mistari inapungua au inaisha kabisa. Kitu cha dakika moja tu.

Tundu la maiki lipo, tundu la hedifoni hakuna, na hilo linaniuma kwa kweli, maana MC anaongea nusu saa na huwezi kusikia kama maiki imechomoka. Rekodi kipande kifupi, kisikilize, ndio uanze kazi. Halafu video ikifika dakika 29 na sekunde 59 inaacha kurekodi yenyewe, kwa hiyo kwenye nasaha za wazee kata mapema uanze upya, usisubiri ikukatie katikati ya neno la baba mzazi. Memori kadi inaingia moja tu, ukumbi ukiisha hamisha kazi usiku uleule kabla hujalala.

Vumbi letu jekundu nalo, bodi haijazibwa. Usibadilishe lenzi barabarani wala pale mwaloni upepo wa ziwa ukiwa unapuliza, ingia hata kwenye bajaji, kamera iangalie chini.

Kuhusu wanaosema DSLR, yaani kamera za kioo ndani kama hii, zimekufa, lenzi hizi za EF, aina inayoingia kwenye kamera hii, unazivalisha kwenye kamera mpya za Canon za R zisizo na kioo kwa adapta yao, zinafokasi vizuri tu, kwa hiyo ile 50mm utaondoka nayo siku ukihamia kamera ya juu.

Ukienda kununua ya mtumba, usiangalie bodi inavyong'aa. Weka f/16, elekeza mbinguni pasipo na mawingu, piga, zumu ile picha, madoa meusi ndio uchafu wa sensa. Geuza skrini mara kadhaa huku imewashwa, isikatike wala kuchezacheza kwenye bawaba. Rekodi video dakika kumi palepale mbele ya muuzaji na uangalie betri inashukaje, maana LP-E17, ndiyo betri ya kamera hii, feki ziko nyingi. Akianza kukuharakisha, mrudishie kamera yake utafute nyingine.