Pedi za kufua na somo la hedhi shuleni: miezi saba baadaye, maoni yangu

Habari zenu wapendwa. Naona kila siku mtu anauliza pedi za kufua zikoje, sasa binti yangu anazo mwezi wa saba huu kwaiyo nna la kusema. Ana miaka 12, yuko la sita shule ya msingi hapahapa Temeke. Kuna kikundi cha kina mama mafundi cherehani walikuja shuleni na nesi, wakawafundisha mabinti wa la tano mpaka la saba nusu siku nzima, na wazazi tulikaribishwa. Somo bure, alafu anayetaka ananunua pakiti elfu 12: pedi nne, chupi mbili na kimfuko cha kitambaa. Jina lao siliweki maana nina la kusifia na nina la kulalamika.

Pedi yenyewe juu ni laini kama flana ya mtoto, katikati taulo, chini kitambaa kisichopitisha maji. Yule dada fundi alimimina nusu kikombe cha maji yenye rangi juu ya pedi, akaigeuza akaikandamiza kwenye karatasi nyeupe, karatasi kavuu, watoto wakapiga makofi utadhani mazingaombwe. Na kweli haivujishi, ila siku ya pili zile zinapotoka nyingi ikifika masaa manne abadilishe, asijidanganye. Tatizo ni vifungo, vile vya kubana vya bati, viwili viling'oka hata mwezi wa tatu haujaisha nikashonea vya shati. Nikapiga simu, wakasema wanaleta vingine, nasubiri mpaka leo.

Kwa hela imenilipa lakini. Dukani kwa Mangi pakiti ya pedi za kutupa 2,500 na kuna mwezi anataka mbili. Mnakumbuka 2018 serikali ilifuta VAT kwenye taulo za kike tukashangilia, bei ikabaki palepale, 2019 kodi ikarudishwa? Basi mi tangu hapo sisubiri wa kunishushia bei.

Ila jamani, kilichonifanya niandike ni lile somo. Mi nilivyovunja ungo nilifungiwa ndani, akaja kungwi na mafumbo yake na ngoma, mengi nimekuja kuyaelewa nimeshaolewa. Tulitumia vitambaa vya kanga kuukuu na marufuku kuanika nje, unakausha chini ya godoro, muwasho ukija unajua ndo kukua huko. Nesi alivyowaambia watoto kwamba kitambaa kibichi kilichofichwa ndo kinaleta fangasi, nilijikunja kwenye kiti mtu mzima mie.

Mwezi wa kwanza natoka jikoni nakuta pedi zimeanikwa kwenye kamba ya uani, nyumba ya kupanga hii, katikati ya mashati ya baba yake! Nikakimbia kuzifunika na kanga. Binti akaja akaitoa kanga, "Mama, nesi kasema jua lenyewe ndo linaua wadudu." Baba yake akapita akaziangalia, akauliza hivi ni vya kushikia sufuria? "Hapana baba, ni pedi zangu." Akakumbuka ghafla ana shida dukani.

Nesi akawaambia pia wasikariri mzunguko wa siku 28, kwa wanaoanza ni kawaida kukaa siku 21 na ni kawaida kufika 45, na hapo nikajua mwaka jana nilimkalia mtoto kooni bure eti mbona mwezi umepita hajaona siku zake. Akagusia na chanjo ya HPV ya saratani ya mlango wa kizazi, ile ambayo tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mzazi mmoja akasema inafunga kizazi, nesi akamjibu taratibu bila kumdhalilisha, mpaka yule mama akauliza ni siku gani wanachanja.

Sasa lawama. Wavulana walitolewa nje wakacheze mpira, na haohao ndo wanaocheka binti akifunga sweta kiunoni, kwanini wasikae hata nusu saa wakasikia? Kimfuko nacho ni kitambaa kitupu, pedi iliyotumika inalowanisha madaftari, mi namwekea mfuko wa nailoni ndani. Na vyoo vya shule havina komeo wala maji ya uhakika, wanashikiana mlango wawili wawili, hilo siwalaumu wao ila ni vizuri ujue kabla hujanunua ukadhani mtoto atasuuza shuleni. Asisuuze, aje nayo nyumbani.

Mwaka jana alikuwa anakosa siku mbili tatu kila mwezi anasingizia tumbo. Tangu lile somo kakosa siku moja, na hiyo alikuwa na malaria kweli.

Somo nyota tano, pedi tatu na nusu, vifungo sifuri. Mwakani nawaomba wamchukue na mdogo wake wa la nne maana wapo wanaoanza na miaka 9. Alafu kama kuna anayemjua fundi wa vifungo vya kubana maeneo ya Temeke naomba anielekeze, hivi vya shati vinamchubua.