Briji nzito ya shilingi 6,500 na springi iliyokatwa kwa koleo

Kabla hujanunua briji mpya ya gitaa lako la besi, yaani kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, soma hii. Mimi nilinunua kwanza, nikaelewa baadaye.

Besi yangu ni nakala ya mtindo wa zamani ya Precision, besi ya kampuni ya Fender, niliyouziwa na jamaa wa bendi alipokuwa akihamia Doha. Briji yake ni bati lililokunjwa, limeshikwa na skrubu tano, na juu yake kuna vibebeo vinne vya nyuzi vyenye mifuo kama ya skrubu. Precision za kwanza za Fender, mwaka 1951, zilikuwa na vibebeo viwili tu, nyuzi mbili kwa kila kimoja, kwa hiyo ukirekebisha uzi mmoja unauharibu mwenzake. Kuanzia 1957 kila uzi ukapata chake. Yaani mimi sikuwa na kisingizio. Miaka minne nilikuwa na vibebeo vinne na sikuwahi kuvigusa.

Shida ilikuwa uzi wa E, ule mnene kuliko wote. Ukiwa wazi, tyuna, kile kipimo cha noti, inasema sawa. Ukibonyeza freti ya 12, yaani kile chuma cha 12 kwenye shingo, sindano inakwenda juu, na mpiga kinanda wetu kanisani ananigeukia na jicho lile. Nikaenda duka moja la vyombo mjini. Kijana wa duka akanionyesha briji nzito ya chuma imara, akaniambia sauti itajaa na shida ya tyuni itaisha. "Mashimo ni yale yale, bro, zote ni saizi moja." Shilingi 6,500, na fundi wao akaifunga kwa 1,500 nikisubiri.

Mashimo hayakuwa yale yale. Fundi alitoboa mapya mawili bila kuniuliza. Hilo ningelisamehe. Jumapili iliyofuata, kwaya imekaa, mchungaji anaomba kwa sauti ya chini, na spika yangu inanguruma kama jenereta ya kinyozi. Nikishika nyuzi, inaendelea. Nikigusa chuma cha jeki, pale waya wa spika unapochomekwa, inanyamaza. Nilipiga ibada nzima nikitafuta namna ya kuegemeza kiganja kwenye jeki.

Mtu wa mitambo ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za benga enzi zake, na sasa hurekebisha magitaa kwenye chumba kidogo orofa ya tatu, karibu na River Road. Benga bila besi ni chai bila majani, kwa hiyo niliamini masikio yake kabla hajagusa kitu. Akafungua briji, akacheka. Ule waya mwembamba wa ardhi, unaotoka kwenye shimo la mbao na kulala chini ya bati, ulikuwa umekunjwa ukasukumwa ndani. Bila kugusana na briji, nyuzi haziko kwenye ardhi, na kelele yote inaingia kwenye ampu.

"Na nyuzi ziko juu hivi kwa nini?" akaniuliza. Nikamwambia nimeshusha vibebeo hadi mwisho. Ndiyo hivyo: bati la briji nzito ni nene kuliko lile la zamani, kwa hiyo hata ukishusha kila kitu nyuzi bado zinaelea. Ningetaka kubaki nayo, ingebidi achomeke kipande chembamba chini ya kitako cha shingo.

"Ile ya zamani uliitupa?"

"Hapana, mzee. Iko kwenye mkoba."

"Basi kijana wangu, ilete tuiulize."

Akaziba mashimo mapya kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, akarudisha bati la zamani juu ya waya, akaweka nyuzi mpya, maana zangu zilikuwa zimechoka na uzi uliochoka hausikii dawa. Akaangalia shingo kwanza, kisha urefu wa nyuzi: milimita 2.5 kwa E kwenye freti ya 12, milimita 2 kwa G, zilizo katikati zikifuata mviringo wa ubao wa shingo. Tyuni ya freti, yaani kulinganisha uzi ulio wazi na uliobonyezwa, ni ya mwisho, kwa sababu ukibadilisha urefu baadaye unaanza upya.

Hapo ndipo niliona ugonjwa wenyewe. Unapobonyeza uzi unaunyoosha kidogo, na uzi mnene unapanda zaidi, kwa hiyo E huhitaji kibebeo kilichorudi nyuma kuliko vyote. Mzee akazungusha skrubu, kibebeo kikarudi, kikakwama. Springi ilikuwa imebanwa kabisa. Akalegeza uzi, akatoa springi, akaikata nusu kwa koleo: *tik*. Akarudisha, akatyuni, akagusa uzi kwa kidole juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, kisha akabonyeza pale pale. Alirudia mara tatu, kila mara robo mzunguko, hadi sindano ikaacha kutikisika.

Zile skrubu ndogo za urefu zilizokuwa zikilialia akazipaka tone la rangi ya kucha zisilegee. Nilisikia aibu kidogo kumweleza dada yangu kwa nini chupa yake ilihitajika nyumbani wiki iliyofuata.

Mzee alichukua shilingi 1,000, na nyuzi nikazinunua kando.

Sitaki kuionea briji nzito. Kila kibebeo chake kina mfuo mmoja uliokaa, na nikichapa kwa nguvu uzi hauruki pembeni kama unavyofanya mara mojamoja kwenye hii ya zamani. Kama unapiga kwa kofi, yaani kwa kuchapa nyuzi kwa kidole gumba, hiyo ni sababu halali. Lakini ile sauti ya kujaa niliyoahidiwa sikuisikia, na mpiga ngoma wetu, ambaye ana maoni juu ya kila kitu, hakuisikia pia.

Sasa imelala kwenye droo na skrubu zake zote. Mwenye besi ambayo mashimo yake yanalingana, pima kwanza, kisha njoo na 4,000.